Ugonjwa wa Limi, Wivu Wangu

Tulipomzika Limi kule Didia, alikoolewa na kuzeekea, mwalimu mmoja kijana alisimama karibu na jeneza akasoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani: alizaliwa wapi, alifundisha shule gani na gani, alilea watoto wangapi wasiokuwa wa tumbo lake. Alipofika kwenye usichana wake akasema, "Mwaka mmoja alikatiza masomo kwa ajili ya malaria kali, lakini kwa neema ya Mungu akarudi." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa mkekani pamoja na wanawake wa ukoo, miguu imekufa ganzi. Haikuwa malaria. Malaria tuliijua sote, ilikuwa kama jamaa wa nyumbani, inakuja na kuondoka. Iliyompata Limi mwaka ule haikuwa na jina katika nyumba yetu, na kwa kuwa haikuwa na jina, watu waliitafutia la kuazima. Na kwa sababu nimeamua kusema yote, nitasema na hili: hata pale kaburini, nilipowaona wanafunzi wake wa zamani, wengine na mvi zao, wakilia kama watoto, kuna kitu kilinichoma kifuani ambacho hakikuwa msiba peke yake. Nilikijua kitu hicho. Nilikuwa nacho tangu nina miaka kumi na sita. Nilikuwa namwonea wivu Limi, naye ni maiti.

Mama yake na mama yangu walikuwa ndugu, tukalelewa pamoja nyumbani kwetu Geita, yeye akiwaita wazazi wangu Mama na Baba, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu. Hayo yanatosha kuhusu ukoo. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali na bati, vyumba viwili, kwa sababu Baba alikuwa fundi mbao, mmoja wa wale waliokuwa wakikaza magogo chini ya ardhi ili mwamba usiwaangukie wenzao. Nyuma kulikuwa na jiko na ua wa matete, na nyuma ya ua nyumba nyingine kama yetu, na nyingine tena, mpaka kwenye kinu cha kusagia mawe ambacho kilitwanga mchana na usiku hata mtu akienda ugenini anakosa usingizi kwa ukimya. Mimi na Limi tulisoma shule moja ya misheni mpaka darasa la nne, tukafanya mtihani wa kwenda shule ya kati ya wasichana, upande wa Shinyanga. Nafasi ilikuwa moja tu kwa shule yetu. Limi alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Watu waliponiambia "wa pili" walidhani wananisifu. Limi akapanda lori na sanduku la mbao alilotengenezewa na Baba, lenye bawaba za shaba, na mimi nikarudi jikoni. Kila likizo alikuja na jambo jipya: soksi, wimbo wa Kiingereza, namna ya kushika kalamu. Nilimsikiliza huku nikichambua mchicha, nikimchukia kwa moyo wote, nikampa kipande kikubwa cha samaki ili asijue.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Limi akiwa darasa la sita. Alirudi mwezi wa saba, wakati si wa likizo, ameketi mbele ya lori karibu na dereva kama mzigo unaoweza kuvunjika. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Mkononi alikuwa na barua ya mwalimu mkuu, nikaisoma mimi, maana Baba alikuwa mzito wa herufi na Mama hakusoma kabisa. Barua ilisema Limi hali chakula, halali, analia darasani bila kupigwa, na walimu wameshindwa; apumzike nyumbani, na shule itauliza habari zake kabla ya mwaka mpya. Mama akamshika mashavu. "Limi, mwanangu, umefanywa nini?" Limi akasema, "Sijafanywa kitu, Mama. Sijui." Ndilo jibu alilolitoa kwa miezi miwili. Sijui. Alilala akitazama ukuta. Asubuhi ilikuwa mbaya zaidi. Kuinuka tu kukaa kitandani kulimtoa jasho. Alikuwa akisuka nywele nusu kichwa, anaacha, na kukaa hivyo siku tatu. Mara nyingine moyo ulimwenda mbio, akashika ukingo wa kitanda akipumua kama mtu aliyekimbizwa, na mlangoni hakuna mtu.

Leo naweza kuandika hayo kwa huruma. Wakati ule niliyaona kwa jicho jingine. Niliona kitanda. Baba alitengeneza kitanda kipya cha kamba kwa ajili ya Limi, akakiweka chumbani mwetu, na mimi nikahamishiwa kwenye mkeka jikoni "mpaka mwenzio apate nafuu". Niliona mayai. Katika nyumba yetu yai lilikuwa ni kifaranga kinachosubiri, hakuna aliyelila. Sasa Mama alivunja mawili kila asubuhi, akayakaanga kwa samli, akayapeleka chumbani yakinukia, na baada ya saa nzima yakarudi yamepoa na kujikunja. Akanipa mimi niyale. Mtu atadhani nilifurahi. Mayai yale yalinipita kooni kama udongo, kwa sababu hayakupikwa kwa ajili yangu. Na zaidi ya mayai niliona sauti. Mama yangu alikuwa mwanamke wa sauti ya kuita ng'ombe, lakini akiingia kwa Limi alizungumza taratibu, kwa Kisukuma cha kubembelezea mtoto mchanga. Sauti hiyo sikuikumbuka kuwa ilipata kuwa yangu. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango na ndoo kichwani, maji yananidondokea mgongoni, naisikiliza.

Nilisikiliza na mengine. Ua wa matete hauzuii maneno. Jirani yetu Mama Shija na Mama Hamisi, Mnyamwezi wa Tabora, walikuwa wakitwanga pamoja alasiri, na kati ya mchi na mchi walimchambua Limi.

"Ni mimba hiyo."

"Mimba gani ya miezi mitatu inayopunguza tumbo? Ni jini. Mabwenini kuna wasichana wa kila kabila, kila mmoja na la kwao."

"Basi ni kusoma. Kichwa cha mwanamke ukikijaza sana kinamwagika."

Wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Na asubuhi, kabla king'ora cha shifti hakijalia, nilimsikia Baba akinywa uji na kusema kwa sauti ya chini, "Mwambie ajikaze. Mimi nashuka chini kila siku, na kila siku naogopa. Mbona najikaza?" Mama akamjibu, "Wewe ukipanda juu, woga wako unabaki kule shimoni. Wa kwake haubaki popote. Anao kitandani." Nilisikia bakuli likiwekwa chini.

Mimi nilikuwa upande wa Baba, na nilikwenda mbali kuliko yeye. Niliamini anajifanya. Niliamini amechoshwa na shule, akaona njia ya kulishwa mayai. Siku moja nilikaanga karanga kwa chumvi, chakula alichokuwa akikipenda mpaka tukagombana utotoni, nikaziweka kwenye sahani ya bati dirishani karibu na mkono wake, nikasema nakwenda kisimani. Nilijificha nyuma ya nyumba nikachungulia kwenye ufa. Nilikaa muda mrefu sana. Limi aliitazama sahani. Akachukua karanga moja, akaishika kati ya vidole, akaitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu, akairudisha. Kisha machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Nilipaswa kuelewa pale pale. Badala yake nilikasirika zaidi, kwa sababu sikumkamata.

Mwezi wa kumi barua ya pili ilifika. Baba, Mama na mimi tulikaa jikoni, Limi yuko chumbani na mlango uko wazi. Mwalimu mkuu aliandika kwa upole: anaendeleaje, nafasi yake ipo, na tusiwe na haraka, ila tujibu mapema, ili kama hawezi kurudi nafasi apewe msichana mwingine. Nilisoma kimya mpaka mwisho. Ninakumbuka harufu ya mlenda unaochemka na Baba akisafisha kucha kwa kijiti. "Inasemaje?" akauliza. Nikasema, nikiitazama karatasi kana kwamba nasoma, "Wanasema hawamtaki tena. Wanasema shule si mahali pa wagonjwa wa kichwa."

Mama akaziba mdomo. Kutoka chumbani tukasikia sauti ya Limi, tulivu kabisa: "Vema." Basi. Jioni ile nikaandika jibu ambalo Baba hakuniagiza. Niliandika kwamba Limi hatarudi, wazazi wanashukuru, na kwamba katika nyumba hiyo hiyo yuko Kabula, aliyekuwa wa pili katika mtihani ule ule, mwenye afya njema. Nikaitia sahihi kwa jina la Baba. Mwandiko wangu haujapata kuwa mzuri kama siku ile.

Tangu siku hiyo Limi aliacha hata uji. Hakulia tena, na Mama, ambaye hakusoma kitabu chochote, aliliogopa hilo kuliko machozi. Siku ya nne, alasiri, watu wa shifti ya asubuhi wakiwa wanarudi, Mama alitoka chumbani akasema, "Limi yuko wapi?" Chooni hayupo. Kisimani hayupo. Mama Shija akarusha mchi akakimbilia barabarani. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nyuma ya kilima kulikuwa na mashimo ya zamani ambayo mgodi uliyaacha, yamezungushiwa miti iliyooza, na tulipokuwa wadogo Baba alituchapa sote wawili kwa kwenda kutupa mawe humo kusikiliza yanavyoanguka. Nilikimbia mpaka kanga ikanidondoka nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye nyasi, ndani ya uzio, magoti kifuani. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa nitamshtua. Nikapita kati ya miti, nikakaa karibu naye, bega kwa bega, nikakamata upindo wa gauni lake, nikauzungusha kwenye ngumi yangu mara mbili. Nikamuuliza kama ninavyouliza bei ya chumvi, kwa sababu sikujua namna nyingine: "Limi, unataka kufa?"

Kisha akasema, "Hakuna aliyeniuliza." Na baadaye kidogo, "Sijui kama ni kufa. Nimechoka. Nataka pakae kimya humu ndani." Akagusa kifua.

Ndipo nikamwambia kuhusu barua. Nilimwambia yote: walivyoandika kweli, nilivyosoma uongo, nilivyomwandikia mwalimu mkuu jina langu. Nilimwambia kuhusu mayai, kitanda, na soksi za likizo ya kwanza. "Nakuonea wivu," nikasema. "Hata ukiwa mgonjwa. Ukiumwa wewe, nyumba nzima inaumwa. Nikiumwa mimi naambiwa nikachote maji." Nilidhani atanipiga, na ningefurahi anipige.

Limi aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu nilimwona mtu yuko ndani ya macho yale. "Wewe unanionea wivu mimi?" akasema. "Kabula, mimi nalala pale nakusikia unakoroma huko jikoni. Nakusikia unagombana na Mama juu ya ukoko. Unasema una njaa, na unasema hivyo kila siku, kana kwamba si kitu. Ningekupa shule, na sanduku, na Kiingereza chote, nipate hiyo njaa siku moja." Akaanza kulia, kilio cha sauti, cha makamasi, na mimi nikalia naye. Haikunijia hata kidogo, mpaka pale, kwamba kuna mtu duniani anaweza kutamani kuwa mimi. Ilinishtua kuliko shimo. Jua lilipoanza kushuka nikasema, "Twende. Mama anakufa huko nyumbani." Akainuka. Sikuuachia upindo wa gauni mpaka tulipofika mlangoni.

Kesho yake nikampeleka, pamoja na Baba na Mama, kwa Dresa Anselmi, Mhaya mnene aliyekuwa akitibu watu kwenye zahanati ya wafanyakazi, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, lakini Limi alipoketi aliweka kalamu chini. Alimuuliza mambo ambayo sisi tulikuwa hatujamuuliza: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, nini kinakuja kichwani kwanza, jambo ulilokuwa ukilipenda bado unalipenda? Na lile la kufa alimuuliza wazi, bila kutikisika. Alipomaliza alimwita Baba aliyekuwa amesimama nje na kofia mkononi.

"Huyu ni mgonjwa, fundi," akasema. "Si mvivu, na si mwendawazimu. Huzuni imekuwa ugonjwa, na woga umekuja kukaa nayo. Inawakamata vijana wengi, na wenye akili zao. Mdogo wangu wa tumbo moja ilimkamata."

"Alipona?" Baba akauliza.

"Alipona. Ikarudi. Akapona tena." Akavua miwani. "Chupa ya dawa ya jambo hili sina, sitakudanganya. Asiachwe peke yake. Atoke nje kila asubuhi, hata kama ni mpaka kisimani tu. Apewe kazi moja ndogo, akiimaliza inatosha. Chakula kidogo kidogo, msimsimamie kama askari. Na hilo neno la kujikaza mliweke kabatini. Mtu aliyevunjika mguu humwambii akimbie." Mama akauliza kwa aibu kuhusu mganga, mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akija na majani yake ya kunusa. Dresa akauliza, "Akija anafanya nini?" Mama akasema, "Anampaka mafuta mikononi, anakaa naye mpaka mchana wanaongea." Dresa akasema, "Basi aje. Ila asimnyweshe kitu bila mimi kukiona."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na haikuwa kama hadithi za kanisani ambapo mgonjwa anainuka na kubeba godoro. Nilirudi kulala chumbani, kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Asubuhi nilimwinua, tukatembea mpaka mti wa kwanza. Siku ya pili mpaka mti ule ule. Baada ya wiki mpaka kisimani. Kazi yake ilikuwa kuchambua maharage, kikombe kimoja. Kuna siku alichambua vitatu, kuna siku alilia juu ya punje kumi, na Mama akajifunza kusema, "Haya, kesho basi," na kuondoa ungo. Moyo ulipomwenda mbio tulikaa chini pamoja na kuhesabu mapigo ya kinu, hamsini, mia, mpaka pumzi ikatulia. Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, nilimsikia akimcheka kuku. Sitasema wivu uliniisha. Mama Shija alipompitia na papai akasema, "Limi wetu anapendeza tena," nilihisi lile lile, mahali pale pale. Ila sasa nililijua, kama mtu anavyolijua jino lake bovu.

Kisha likaja jibu la shule. Baba alilileta kutoka ofisi ya mgodi, akanikabidhi wote tukiwa tumekaa kwenye ugali. Nikasoma kimya. Mwalimu mkuu alisikitika kuhusu Limi, na alikubali: Kabula aje mwezi wa kwanza, aanze darasa la tano. Jina langu lilikuwa limepigwa chapa kwa mashine. Sijapata kuona kitu kizuri kama hicho.

"Inasemaje?" Baba akauliza.

Limi aliniangalia. Alijua. Hakuna mwingine aliyejua. Nikaisoma, neno kwa neno, halafu nikaeleza ile ya mwezi wa kumi ilivyokuwa imesema kweli, na jibu nililoliandika kwa jina la Baba. Mama akaacha tonge hewani. Limi akasema haraka, "Aende, Baba. Mimi nitakaa. Aende yeye." Na mimi, Mungu anisamehe, nilimtazama Baba nikiomba akubali.

Baba alinawa mikono, polepole, kila kidole. Hakunipiga. Akasema, "Lete karatasi. Utaandika nitakayosema." Akatamka, nami nikaandika: kwamba barua iliyotangulia kutoka kwetu ilikuwa uongo wa binti yake, kwamba Limi anapata nafuu, kwamba wote wawili wanapenda shule, na mwalimu mkuu aamue. Akaweka alama yake mwenyewe chini, herufi tatu zilizopinda.

Jibu lilikuwa fupi. Limi arudi, na atapewa muda wa kupumzika akichoka. Kuhusu Kabula, shule haiwezi kumpokea msichana aliyetia sahihi ya mtu mwingine. Wakati huo nilisema si haki. Miaka mingi nilisema si haki. Sasa nasema ilikuwa haki, na iliniuma, na yote mawili ni kweli.

Aliondoka mwezi wa kwanza. Mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka kwenye lori, na lilikuwa zito, na nililibeba kwa hasira. Limi alikuwa na hofu. Niliiona mikononi mwake. Akaninong'oneza, "Ikirudi nitakuandikia. Utakuja?" Nikasema nitakuja. Iliporudi mara ya kwanza alikuwa chuo cha ualimu, nikasafiri mpaka stesheni ya Isaka na mtoto mgongoni kumpokea. Mara ya pili alikuwa amejifungua. Mara ya tatu tulikuwa tayari watu wazima, naye ni mwalimu mkuu. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja, silali, nikapanda gari la kwanza. Nyumba yake ya Didia ilikuwa na vioo madirishani, rafu ya vitabu mpaka darini, picha yake ukutani amezungukwa na wasichana mia. Nilisimama mlangoni nikavitazama, na wivu ukanipanda mpaka machoni. Nikaingia nao ndani. Nikamwinua Limi kitandani, nikamfumua nywele, nikamuuliza jiko liko wapi.